Udongo wa Shubiri Moja

Jumapili, tarehe 2 Machi

Mvua bado. Leo nimepima shamba. Kwenye mlima huu huwezi kupanda mbegu bila kupima: unachomeka kijiti ardhini mpaka kigonge jiwe, kisha unachomoa na kutazama udongo umefika wapi. Penye neema kijiti changu kimezama shubiri moja. Kwingine kimezama vidole viwili, ko, jiwe jeupe. Huku hatuna matuta. Tuna vifuko tu, udongo uliojikusanya kati ya mwamba na mwamba, kimoja kikubwa kama mkeka, kingine kama sinia, na kila kimoja tunakijua kama tunavyojua sufuria zetu.

Kifuko cha juu, kilichokuwa kizuri kuliko vyote, hakipo tena. Kipo juu ya mume wangu.

Mtoto mchanga amelala. Mikono yangu imesahau kukaa bure, ndiyo maana naandika.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Niliandika jambo la kifuko nikaliacha juu juu. Acha nilimalize.

Mume wangu alifia machimboni kule bondeni, wanakochimba mawe ya kuchoma chokaa. Jiwe lilimshukia. Wakamleta nyumbani, wanaume wakaanza kuchimba kaburi ukingoni mwa shamba, chini ya miti. Walipofika vifundoni mwa miguu wakakuta mwamba. Walipiga mtaimbo mpaka cheche zikaruka na mmoja akapasuka kiganja. Mwamba haukutoa hata kipande. Jiwe lilimuua, kisha jiwe likakataa kumpokea.

Mimi nilikuwa ndani, tumbo liko juu, nimeshikwa na wanawake. Nilimsikia mama mkwe akisema nje, kwa sauti kavu kabisa, "Udongo upo pale. Chukueni." Wakabeba kwa karai, kwa ndoo, kwa ungo. Nilipotoka, mahali nilipovuna mahindi mwaka jana palikuwa jiwe tupu, jeupe, kama sahani iliyolambwa. Na kaburi lilikuwa limepanda juu mpaka karibu na kiuno changu.

Mtoto alizaliwa majuma machache baadaye. Hakuna aliyeniuliza habari ya kifuko, na mimi sikusema. Utadai udongo kwa maiti?

Lakini hesabu yake ni hii. Vifuko vilivyobaki visipotoa chakula mwaka huu, itabidi nishuke na watoto nikabebe mawe machimboni, mtoto mgongoni katika vumbi lile la chokaa, pale pale baba yake alipolala chini. Hilo sitaki. Nalima ili nisishuke.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Shoka linalia mlimani tangu asubuhi. Ni shemeji, ndugu wa mume wangu, anakata kuni za tanuri la chokaa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mvua imeshuka usiku kucha, nzuri, ya taratibu. Nimepanda mahindi. Ukilima huku jembe haliingii, linabisha hodi. Kila pigo linalia chini, na mlima kwa vile una mapango tumboni unarudisha sauti baadaye kidogo, kwa mbali.

Binti yangu, huyu tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki, akauliza, "Mama, nani anaitika?"

"Ni jiwe."

"Linasema nini?"

"Linasema unipe mbegu uache maswali."

Akacheka. Akalala kifudifudi, akabandika sikio ardhini. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kimya maishani mwake. Alipoinuka alisema, "Linakohoa."

Nikamwambia ainuke ataugua. Baba yake alikuwa na kikohozi cha chokaa, kifupi, mara mbili mbili. Kuanzia hapo nimelima nikiwa nimekunja shingo, nisisikie.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimegombana na mama mkwe.

Asubuhi nimemkuta kwenye kifuko cha katikati na beseni lake, anakwangua. Mvua imelishusha kaburi kidogo, basi yeye anaona mwanawe anafunuliwa. Anachota udongo wangu anakwenda kumwongezea.

"Mama, udongo huo una mahindi ndani yake."

"Nimekwepa mahindi."

"Hujakwepa. Hii hapa mbegu, tazama, imeshatoa mkia."

Akaitazama ile mbegu kiganjani mwangu. Macho yake siku hizi ni kama ya mtu aliyeamshwa kwa ghafla. "Wewe una mlango unaufunga, una shuka unajifunika," akasema. "Yeye ana nini?"

"Ana rundo la udongo ambalo mlima mzima hauna. Mama, nakuheshimu. Lakini beseni hilo liweke chini."

Aliliweka. Chakula cha mchana hakula. Nilimpelekea chai nikaikuta baadaye ina ngozi juu.

Nilikuwa nikimwona mwanamke mwenye nguvu. Leo nimeona ni mwanamke anayeweza kutuua kwa beseni moja moja.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mahindi yameota. Mtoto ana mafua.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Chiriku amekuja mbio jikoni. "Mama, Baba ana majani!"

Nimekwenda. Juu ya kaburi, upande wa miguu, kuna mche wa boga. Majani mawili manene, na la tatu limekunjwa kama ngumi. Mbegu ilikuja na ule udongo. Kifuko cha juu ndicho nilichokuwa nikitupia maganda ya jikoni. Hakuna ajabu. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kuuona. Alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Ung'oe," akaniambia.

"Ung'oe wewe, Mama."

Hakuna aliyeung'oa.

Alhamisi, tarehe 3 Aprili

Shemeji amepita na mzigo wa kuni, anaimba. Yeye ni mtu wa vicheko. Akiingia nyumba inapata joto. Amemrusha Chiriku juu, akaniambia nimekonda mpaka kivuli changu kinanionea huruma. Akaniachia unga.

Nimemshukuru, kisha nikasema, "Shemeji, ile miti ya juu ya shamba umeimaliza."

"Tanuri halishibi, shemeji. Kama mimi."

"Ile mizizi ndiyo iliyokuwa inashika udongo."

"Vile vijiti? Mti wenyewe mwembamba kama mkono, mwiba mtupu, umejibana kwenye ufa. Unashika nini?"

Nikamwonyesha ng'ambo ya bonde, mlima waliomaliza miti yake kwa kuni zamani. Ni mweupe wote, kama kichwa cha mzee. Akatazama akafuta jasho. "Pale hapakuwahi kuwa na udongo," akasema. Akaondoka akiimba, lakini wimbo ulikatika kabla hajafika njia panda.

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Hakuna mvua. Boga limetambaa, limelifunika kaburi lote na limeanza kushuka upande wa pili.

Jumatano, tarehe 16 Aprili

Jua. Udongo wa shubiri moja ukipigwa na jua huwa kama kikaango: jiwe la chini linashika moto, mizizi inaungua kwa chini huku majani yanaungua kwa juu. Mahindi yamejikunja kama sigara. Nimekwenda msituni na gunia kuokota majani makavu nifunike vifuko. Kwenye miti iliyobaki yamo tele, yanavunjika mkononi kama karatasi, na chini yake kuna unyevu kidogo, harufu ya udongo hai. Ilipokatwa hakuna kitu, ni visiki na mawe yaliyoanza kuonekana.

Maziwa yamepungua. Mtoto ananyonya, anaacha, ananitazama.

Na pale kaburini ni kijani tu. Majani makubwa kama masinia, yamekaa na maji yake, hayana habari. Jua lile lile, mlima ule ule. Adhuhuri upepo ukilala na kila kitu kimenyamaza, yale majani yanatikisika kidogo. Nimetazama muda mrefu nikitafuta mjusi.

Jumamosi, tarehe 19 Aprili

Nimechuma.

Nilikwenda mchana kweupe, na ungo, kama mtu anayekwenda shambani kwake. Nilibisha hodi. Najua ni ujinga. Nikasema, "Ni mimi, ni mboga za watoto." Nikachuma majani machanga na maua machache, nikayapika kwa chumvi. Chiriku alikula mpaka akalamba kijiko. Mimi nilikula huku nimesimama.

Mama mkwe alitazama sufuria, akaondoka nje.

Jumapili, tarehe 20 Aprili

Maziwa yamerudi. Nimefurahi, kisha nimeogopa.

Ijumaa, tarehe 25 Aprili

Joto. Mchana mawe yanapasuka juu ya mlima, ta, ta, kama mtu anayevunja vidole. Mtoto amenenepa shingo. Kila anaponyonya nafikiri maziwa yametoka kwangu, kwangu yametoka kwenye majani, na majani yametoka wapi? Nakomea hapo kila siku. Halafu namgeuza ziwa la pili.

Chiriku hasemi tena "twende shamba". Anasema "twende kwa Baba". Leo amerudi na ua la boga sikioni, akanieleza kwamba Baba hapendi kukanyagwa upande wa mkono. "Upande upi?" nikauliza, nikajilaumu kwa kuuliza. Akanionyesha bega la kulia, ndilo lililovunjwa na jiwe. Hakuwahi kuambiwa. Au labda alisikia watu msibani. Watoto husikia.

Mama mkwe amekuwa mwembamba kama ufagio. Anakula uji wa unga ule wa shemeji, mchache, na anakula peke yake. Sasa nafikiri hachukii majani. Anatuogopa sisi tunaoyala.

Jumanne, tarehe 29 Aprili



Asubuhi sikumwona mama mkwe, wala panga halikuwa mlangoni. Nikamfunga mtoto mgongoni nikakimbia. Nilimkuta amepiga magoti kaburini, ameshika shina la boga mahali linapotokea ardhini, nene kama kidole gumba. Panga liko mkono wa pili.

"Mama, acha."

"Unamla mwanangu."

"Namlisha mwanawe."

"Unamla!" Sauti ilimtoka ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima. "Kila siku nawaona mnakaa hapa na vijiko vyenu. Nilimzaa mimi, nikamnyonyesha mimi, leo nimwone kwenye sufuria?"

"Mama, ni udongo. Udongo wa shambani kwangu. Wewe ndiye uliyesema uchukuliwe."

"Ningesema nini? Aachwe juu kama mbuzi?" Akanitazama. "Miguu yake ilikuwa inaonekana. Wewe ulikuwa ndani, hukuona. Walimfunika na mawe, miguu ikawa inaonekana. Mwanangu mwenye miguu mirefu vile."

Sikujua hilo. Miezi yote hii sikujua. Nilitaka kumshika nikashindwa nimshike wapi.

Akapiga panga. Mara moja, shina likakatika, maji yakatoka. Akakaa chini, akalia, na mtoto mgongoni kwangu akalia, na mimi nikasimama kati yao kama nguzo.

Nilimwinua. Nilimrudisha nyumbani nikampa chai, na safari hii aliinywa. Nikamwambia, taratibu lakini nilimwambia, "Mahindi yakifa nitashuka na watoto, Mama. Sitawaacha wafe njaa hapa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Hata kama ni yeye."



Ijumaa, tarehe 2 Mei

Majani ya karibu na shina yamekufa. Ya mbali hayajafa. Nimeinua mtambaa wa boga nikaona kwa nini: kila fundo limeshusha mizizi yake, myeupe, mingi, imeingia ndani ya kaburi kama vidole. Lilikuwa limekwisha kujishika kila mahali.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Alitazama ile mizizi, akarudisha mtambaa chini mwenyewe, polepole, kama anayefunika mtu.

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Mawingu. Mahindi machache bado yana uhai kwenye vifuko nilivyovifunika majani.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Alasiri mbingu ilishuka. Sijui nisemeje vinginevyo. Kulikuwa na giza la kijani, kisha upepo, kisha maji, na hayakuwa matone. Nikasikia juu mlimani sauti kama magari yanamwaga kokoto.

Nikampandisha Chiriku kitandani, nikamwekea mdogo wake mapajani. "Usishuke kitandani mpaka nirudi. Hata ukisikia nini. Umesikia?"

"Hata Baba akiita?"

"Hata Baba akiita."

Nikatoka. Maji yalikuwa yanakuja kutoka kule kwenye miti iliyokatwa, meupe kama uji wa chokaa, yanabiringisha mawe. Kifuko cha kwanza nilichokifikia kilikuwa kimekwisha kwenda. Cha pili kilikwenda nikiwa nimesimama ndani yake. Nilihisi udongo unanitoka chini ya nyayo, laini, kama mtu anavuta shuka taratibu usiamke. Nikapanga mawe kwenye mlango wa kifuko cha katikati. Maji yakayasukuma. Nikalala mwenyewe pale, kwa ubavu, nikaona mahindi yangu yananipita usoni na mizizi yake yote.

Nikainua kichwa nimwite mama mkwe. Alikuwa kaburini. Amelipigia magoti, amefungua mikono yote miwili kama mtu anayezuia watoto wasitoke mlangoni. Nilimchukia, naandika ukweli. Nikasema moyoni, hata leo, hata sasa hivi, wafu kwanza.

Kisha nikaona maji yanafika kwenye kaburi na kugawanyika. Yalipita kulia, yalipita kushoto. Majani ya boga yalilala bapa, yakachanika vipande vipande, lakini rundo halikusogea. Yeye aliingiza vidole chini ya mtambaa, akavuta, akavuta tena. Haukutoka. Akanigeukia, mvua inamtiririka mdomoni.

"Mtambaa umemshika!" akapiga kelele. "Njoo uone, umemshika!"

Sikuweza kwenda. Yeye ndiye aliyekuja. Alivuka yale maji akaanguka, akainuka, akanishika mkono. Nilikuwa nakamata udongo kwa viganja na kuuweka juu ya jiwe, na maji yanauchukua, nakamata tena. "Acha, mwanangu," akasema. "Acha. Utakwenda nao."

Tukarudi nyumbani tumeshikana. Chiriku alikuwa kitandani vile vile, ameziba masikio ya mdogo wake kwa mikono yake.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Hakuna shamba. Kuna mlima mweupe unaong'aa juani, safi kabisa, una mashimo ya maji ya mvua ambamo ndege wanaoga.

Shemeji amekuja. Alisimama pale juu kwenye visiki vyake muda mrefu, akashuka bila wimbo.

"Shemeji, mimi nilikata kuni tu."

"Najua."

"Ningejua..."

"Nilikwambia, shemeji." Sikupaza sauti, sikuwa nayo. "Ile iliyobaki usiiguse."

"Tajiri wa tanuri atasema."

"Mwambie aje akate mwenyewe, mimi nitakuwa nimekaa chini ya mti."

Alicheka kidogo, macho yamejaa maji. Kisha akasema nilichojua atasema: machimboni wanataka wanawake wa kubeba, kuna chumba karibu na tanuri, nishuke naye mwisho wa juma. Nikasema ndiyo. Nilisema mbele ya mama mkwe, nikimtazama, ili lisije kuwa la kusikia pembeni. "Pasipo pa kupanda, Mama, siwezi kukaa."

"Na mimi?" akauliza.

"Tushuke wote."

Akatazama ukingoni mwa shamba. Rundo lile ndilo udongo pekee uliobaki upande wetu wa mlima.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Nimefunga nguo za watoto. Mama mkwe hakufunga chake.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Nilidhani leo nitaandika kutoka bondeni.

Asubuhi mama mkwe aliingia chumbani kwangu na kikombe cha kunde, mbegu alizoziweka mwenyewe, sikujua kama anazo. Alikuwa amefunga kanga kiunoni kama mtu wa kazi. "Ardhi bado ina maji," akasema. "Kunde haziombi muda mrefu."

"Ardhi ipi, Mama?"

Alitoka. Nikamfuata, mtoto mgongoni, Chiriku mbele yetu kimya, jambo ambalo si lake.

Kaburini alisogeza majani yaliyochanika, akakwepesha mtambaa usiumie. Chini udongo ulikuwa mweusi, umevimba kwa maji. Nikachomeka kijiti kwa mazoea, kikazama, kikazama, nikakichomoa kabla hakijagonga. Sikutaka kusikia kinachogonga.

"Ukiona huwezi, Mama, nitapanda mimi," nikasema.

"Wewe utafukia." Akapiga magoti upande wa kushoto, mbali na lile bega. Akatoboa shimo kwa kidole, akashika mbegu juu yake, mkono ukagoma. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu ugusane na udongo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mama anayemlaza mtoto mwingine kitanda kile kile:

"Sogea kidogo, baba."

Tukangoja wote, hata Chiriku, kama watu wanaompa mtu nafasi ya kugeuka. Kisha akatia mbegu, nami nikafukia.